Bustani Aliyoifagia Mama

Nyumba yetu iko pale barabara ya mtaa inapokata kona kabla ya kuteremka mjini, na mlima uko mgongoni kwetu. Kwa miezi mingi ya mwaka hiyo ni bahati. Upepo wa jioni unashuka kutoka Uluguru moja kwa moja hadi barazani, na wageni wa kutoka Dar hawakosi kusema kwamba tunaishi peponi. Ningependa waje kuyasema hayo wakati wa masika. Maji yanayotoka mashambani kule juu yanapita kwenye gereji ya pikipiki yakachukua oili, yanapita gengeni yakachukua maganda ya ndizi na mifuko, na yakifika kwenye kona hayana habari ya kukata kona. Barabara inapinda kulia, yenyewe yananyooka, na mbele yake kuna mlango wa jiko la mama yangu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kila mwaka nachora ubaoni mlima, mteremko na mmomonyoko wa udongo, na kila mwaka narudi nyumbani nakuta mmomonyoko wenyewe umekaa sebuleni. Baadhi ya wanafunzi wangu ni majirani, kwa hiyo wanajua. Nikitamka neno "mafuriko" darasani wanaangaliana huku wakibana kicheko, nami hasira zangu ziko karibu, hilo shule nzima inalijua.

Masika moja, si zamani sana, maji yalipanda mpaka magotini. Yaliharibu godoro, mchele na redio ya marehemu baba, na mama tulimtoa akiwa mgongoni mwa jirani. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wetu na anaishi Dar, akaja siku iliyofuata. Alisimama mlangoni akaitazama alama ya matope ukutani, kisha akasema maneno ambayo sote tulijua angeyasema siku moja.

"Mama, maji yakiingia tena humu ndani, hata kidogo, unahamia kwangu. Chumba kipo, hospitali iko jirani, na ghorofani maji hayapandi. Safari hii sikubembelezi."

Mama alimaliza kwanza kukamua tambala. Ni Mluguru wa Matombo, aliteremka mjini alipoolewa, na maisha yake yote yako ndani ya mwendo ambao magoti yake mabovu bado yanaumudu: kanisa, jumuiya, kaburi la baba, na wanawake wa milimani wanaotua matenga yao ya mboga barazani kwake kila asubuhi ili wapate maji ya kunywa na umbea wa mjini. Dar aliwahi kwenda akakaa mwezi mmoja, akarudi amenyong'onyea. Alisema kule juu ghorofani hakuna hata mahali pa kufagia.

"Sawa," akasema. "Yakiingia tena, nitakuja."

Mama yangu akisema amesema. Usiku ule nilimchukia kaka, ingawa nilijua kabisa kwamba ana haki. Sina mume, sina mtoto, na nyumba ile bila mama ingekuwa kuta tu. Sikutaka aondoke, nasema wazi, na wala haikuwa kwa ajili yake peke yake.

Kiangazi kilipofika, mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Mwenyekiti wetu ni Mnyamwezi, mstaafu wa reli, mtu mwenye tumbo la mbele na sauti kama ya king'ora. Siku hiyo alikuja na vijana wa chuo wenye michoro mikubwa, wakaibandika kwenye ukuta wa ofisi na kutueleza kitu wanachokiita bustani ya mvua. Pale kwenye kona, kabla ya nyumba yetu, kuna kiwanja cha wazi ambacho watu walikuwa wanatupa taka. Tutakichimba kiwe bonde, wakasema, tupange mawe chini, halafu kokoto, halafu mchanga wa mtoni, halafu udongo uliochanganywa na mboji, na juu tupande majani yenye mizizi mirefu. Maji ya barabarani yataingia humo, yataacha oili na uchafu wake kwenye udongo, yatazama ardhini taratibu, na yatakayozidi yatatoka upande wa pili kwenda mtaroni yakiwa yametulia.

Watu wa mtaa wetu hawajawahi kukubali jambo bila kulichambua. Mmoja aliuliza kama atapewa ruhusa ya kufuga kambale humo. Mwingine alitaka kujua kama tunachimbiwa bwawa la mbu ili tuuziwe vyandarua. Binti mmoja wa chuo, mpole kupita kiasi, alieleza kwamba kesho yake maji yanakuwa yameshazama, na mbu hapati nafasi ya kukuza watoto wake. Yule wa kwanza akasema basi sawa, lakini yeye angependelea kambale.

Tulichimba. Nasema tulichimba kwa sababu nami nilishika jembe, na mgongo wangu una kumbukumbu nzuri. Tulipanda vetiva, matete na ukoka. Kwenye mdomo wa bustani, pale maji yanapoingilia, vijana walimwaga mawe makubwa bila mpangilio wowote. Mama, aliyekuwa amekalia kigoda akisimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie, akauliza kwa nini mawe yametupwa ovyo namna ile.

"Bibi, haya ni ya kuyachosha maji," yule binti akamjibu. "Yakipita hapa, yanafika ndani hayana nguvu."

Mama akaitikia kwa kichwa, lakini nilimwona anayatazama yale mawe kwa jicho la mtu aliyeona kitanda hakijatandikwa.

Vuli ilikuja, na bustani ikafanya kazi yake. Mvua ya kwanza ilipopiga nilitoka na mwavuli nikasimama kando. Maji yalikuja kwa kiburi chake cha siku zote, mekundu, yamebeba chupa na povu la oili, yakapiga mawe, yakashangaa kidogo, yakatulia ndani ya majani. Jikoni kwa mama hakikuingia hata kijiko kimoja cha maji. Kesho yake bonde lilikuwa tupu, na taka zimeshikwa kwenye matete zikisubiri kuokotwa. Mtaroni maji yalipita karibu meupe, na wanaomwagilia mchicha kwa maji ya mto kule chini walituma salamu za pongezi. Mama aliniita.

"Kaka yako mwambie sijaloa," akasema, kisha akaona nachelewa, akanipokonya simu akampigia mwenyewe.

Basi ningekuwa na hadithi fupi sana kama majani yasingeota. Lakini yaliota. Kufikia mwisho wa Januari matete yalikuwa yananipita kimo, vetiva imejaa, ukoka umetambaa hadi barabarani. Mimi niliona mizizi inayoshuka chini na kufungua ardhi. Mama aliona pori. Kwa mama yangu, jani linaloota karibu na nyumba ni tangazo kwamba mle ndani kuna mgonjwa, au mvivu. Huwa anaamka alfajiri na kufagia uwanja kwa chelewa mpaka udongo unabaki na mistari iliyonyooka, na ole wake kuku atakayepita juu ya mistari hiyo kabla majirani hawajaiona. Kwa wiki nyingi nilikuwa namwona anatazama bustani huku anapumua kwa nguvu. Mimi nikadhani ni magoti.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, kama kila mahali. Mimi siku hiyo nilikuwa Mlali kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu, nikarudi kesho yake mchana nikiwa bado nimevaa sare ya kamati. Nilipofika kwenye kona nilidhani nimepotea njia.

Bustani ilikuwa imenyolewa. Mama na wanawake wenzake wa jumuiya walikuwa wamefyeka matete, wameng'oa vetiva na ukoka, wamelundika vyote pembeni vikauke vichomwe. Udongo laini wa juu, ule uliochanganywa na mboji, walikuwa wameunyunyizia maji, wakaushindilia kwa miguu na vipande vya mbao mpaka ukawa mgumu kama sakafu, halafu wakaufagia. Mistari ya fagio ilikuwa imenyooka kutoka upande huu hadi ule. Na yale mawe ya kuyachosha maji yalikuwa yametolewa mdomoni, yamepangwa kuizunguka bustani kwa nafasi zilizolingana, na yote yamepakwa chokaa.

Ilipendeza. Lazima niseme kweli, ilipendeza kama mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya.

Wanawake walikuwa barazani wanakunywa chai kwa maandazi, wamechoka, wamefurahi. Mama akaniuliza, "Umeonaje?" Kuna maneno yaliyokuwa tayari kwenye ulimi, na ningeyasema kwa mwanafunzi yeyote, kwa mwalimu mwenzangu, hata kwa padri. Lakini ningeyasemaje kwa mama, mbele ya wenzake, ilhali mikono yake bado ina chokaa? Nikasema, "Poleni na kazi," nikaingia ndani, nikasugua sufuria moja mpaka nusura niitoboe.

Na haikuwa mimi tu. Jioni ile mtaa mzima ulipita pale. Waliona, walielewa, macho yaliwatoka. Kila mmoja akasema, "Shikamoo bibi, hongera kwa usafi," akaenda zake kunong'ona mbele ya safari. Hata yule wa kambale, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikosa la kusema. Mama alipokea pongezi hizo zote kwa unyenyekevu mkubwa. Nilitamani kulia.

Jumatatu asubuhi ndipo mwenyekiti alipokuja. Nilikuwa najiandaa kwenda shule, nikasikia kicheko barabarani, nikachungulia. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima, mstaafu wa reli, alikuwa amebeba mkeka na mto wa kulalia. Alitandika mkeka katikati ya bustani, akavua viatu, akalala chali na kuikunja mikono tumboni.

Wasiojua washangae. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto wa kuzaa hana.

"Shikamoo, mtani!" akapaza sauti bila kuinuka.

"Marahaba, mpagazi," mama akajibu kutoka barazani. "Umelewa asubuhi yote hii?"

"Nimeambiwa Waluguru wamejenga ukumbi wa ngoma, nikasema niwahi nafasi ya mbele. Ngoma inaanza saa ngapi?"

"Ondoka hapo, unaniharibia mistari!"

"Mistari!" Akaketi. "Nyie watu mmelima ukutani tangu kuumbwa, siku mkipewa tambarare mnaifagia! Mtani, hii ilikuwa nywele ya kuzuia mvua, umeinyoa upara. Maji yakija yatateleza hapa kama kwenye sahani, yatafika jikoni kwako kabla hujawasha moto. Na hawa," akayaonyesha mawe kwa mkono, "walikuwa askari wako wa getini. Umewavisha kanzu nyeupe kama watoto wa komunyo na kuwapanga pembeni wapige picha!"

Watu walikuwa wameshajaa, na wote walivunjika mbavu, maana sasa ilikuwa ruhusa. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika fagio na hacheki. Aliangalia mawe, akaangalia barabara inavyoshuka, akaangalia mlango wa jiko lake. Halafu akageuka kunitafuta.

"Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli, mama."

"Na wewe jana ulikuwa unasugua sufuria! Mwalimu mzima wa Jiografia!"

Hapo watu walicheka upya, na safari hii walinicheka mimi. Mwenyekiti alikunja mkeka wake na kutamka faini, kama utani unavyotaka: jogoo mmoja, apikwe na nazi. Mama akamwambia jogoo atampata, lakini atamlia shimoni, akiwa na jembe mkononi. Wakakubaliana.

Bahati ilikuwa upande wetu kwa jambo moja, lile lundo halikuwa limekauka kiasi cha kuchomwa. Tulichambua mashina yaliyokuwa bado na uhai, tukavunja sakafu, tukaulegeza udongo, tukapanda upya. Wanawake walewale wa jumuiya walirudi na majembe, wakiimba, wakitaniana kuhusu ukumbi wa ngoma. Mawe yalirudi mdomoni yakiwa na chokaa yake. Kwa sababu vetiva nyingi ilikuwa imekufa, mama alitoa amri kwa ndugu zake wa Matombo, na baada ya siku chache basi likatuletea magunia ya miche ya magimbi, ambayo aliipanda mwenyewe kwenye sehemu ya chini kabisa huku akiyasifia kwamba hayo angalau ni majani yanayoliwa.

Lakini mizizi haiamrishwi. Masika yalikuwa yanakaribia, na mimea ilikuwa bado imeinamisha shingo. Kila asubuhi mama alimaliza kufagia uwanja wake, anafika ukingoni mwa bustani, anasimama na mikono mgongoni. "Mnakua, au mmelala?" aliyauliza majani. Akiona jani limeanguka vibaya mkono ulimchezacheza, anaondoka haraka kabla hajashindwa. Nilikuwa nacheka nikiwa dirishani, mpaka jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kama nimejifukuza mwenyewe, sitalalamika. Nitakwenda." Niliendelea kutafuta mawe kwenye mchele, na siyaoni.

Kaka alikuja Pasaka. Mvua zilikuwa zimeshaanza, lakini zile za kawaida tu, na bustani ilikuwa imezimudu. Alikagua ukuta wa jiko. Jumatatu ya Pasaka, tukiwa tumekula wali na kuku, mlima ulijifunika. Wanaoishi mjini kwetu wanajua weusi ule, ukishauona unaanua nguo bila kuuliza. Mvua ilipiga kwanza kule juu, tukaisikia kabla haijatufikia, kisha ikatushukia.

Maji yalikuja barabara nzima. Mwenyekiti alitokea na koleo mkononi, kichwani kafunga mfuko wa nailoni, anafoka kwamba mdomo wa kutokea umeziba. Kaka yangu alikuwa amevaa viatu vyake vya kwendea kanisani. Aliangalia viatu, akamwangalia mama aliyesimama barazani ameshika nguzo, akatoka vilevile. Nikamfuata. Tulizoa matope na mifuko kwa mikono, watatu sisi, halafu majirani wakaongezeka. Bustani ilijaa mpaka ukingoni. Magimbi yalibaki yanachungulia, lakini yalisimama, na mawe meupe yalipigwa na maji mpaka chokaa yote ikatoka. Tulipozibua upande wa pili maji yaliyozidi yalikwenda mtaroni kwa kishindo, na kaka akapiga kelele ya furaha kama mtu aliyefunga goli. Yeye! Mtu wa ghorofani! Alikuwa amelowa mpaka kwenye masikio, anamkumbatia mwenyekiti, anamwuliza vitu kama hivi vinachimbwaje.

Mimi nilitangulia kurudi ndani. Nilipitia mlango wa nyuma, nikasimama.

Mama alikuwa amepiga magoti jikoni, yale magoti yake. Maji yalikuwa yameingia. Hayakuwa mengi, yalikuwa yamepita chini ya mlango kabla hatujazibua, yakatambaa hadi karibu na kabati la vyombo, lakini yalikuwa yameingia. Alikuwa anayakausha kwa tambala, haraka haraka, anakamulia kwenye beseni. Aliinua uso akaniona, na sijawahi kumwona mama yangu na uso ule, uso wa mtoto aliyekutwa. Nikachukua tambala jingine nipige magoti nami, lakini nyuma yangu hatua za kaka zilikuwa zimeshafika mlangoni.

Alisimama pale pale. Alitazama sakafu. Maji yale yalikuwa mekundu kwa udongo wa mlimani, mtoto wa darasa la kwanza angejua yametoka wapi. Alitazama beseni. Alimtazama mama, ambaye alikuwa ameacha kukausha na anasubiri, mkono mmoja umeshikilia kabati. Nje mvua ilikuwa inapungua, na nikamsikia mwenyekiti anamwita mtani wake aje aone.

"Nani amemwaga maji hapa?" kaka akauliza.

Mama alilikamulia tambala kwenye beseni.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa nadeki."

"Na miguu hiyo mama, unadeki peke yako wakati watu tupo?" Akavua vile viatu vyake vilivyokwisha kazi, akaviweka nje ya mlango, akakunja suruali. "Hebu nipe hilo tambala."